Twende Tukamle Mwitaliano

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja aliyeingia Portland, hapa jimboni Maine, majira ya baridi yaliyopita, alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili. Mkate mrefu umefungwa nusu kwa karatasi nyeupe, nyanya zinachungulia, mafuta yameshaanza kutoboa karatasi. Chini yake aliandika neno moja: "Leo." Haikupita robo saa, mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu na aliyenipokea mimi mwenyewe uwanja wa ndege miaka ishirini na ushei iliyopita, akamjibu: "Mwanangu, huo mkate ni dola 11. Kwa dola 11 unapika wali na maharage ukala siku nne. Mama yako huko nyumbani leo amekula nini?"

Kundi likachafuka. Waliomuunga mkono mzee wakaleta hesabu za mchele wa gunia na kuku wa jumla. Wengine wakasema kijana amefanya kazi, mwacheni ale jasho lake. Akina mama wawili wakaitumia nafasi hiyo kutangaza sambusa zao. Kijana mwenyewe hakuandika tena. Mimi nilianza kuandika jibu, nikafuta. Nikaanza tena, likawa refu hata kidole kikachoka kulipandisha. Nikaona bora niliandike mahali pengine kwa utulivu, maana mkate huo na mimi tunajuana.

Niliingia Portland Septemba 2004 kwa ile bahati nasibu ya viza, nikitokea Ngamiani, Tanga, ambako barabara zinaitwa kwa namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, kwa hiyo anayejua kuhesabu hapotei. Portland nilipotea siku ya kwanza. Mzee huyo huyo ndiye aliyenielekeza kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, nikapata zamu ya jioni, kuanzia saa kumi na moja. Wiki ya pili tulifika mapema mimi na Mzungu mmoja wa makamo niliyekuwa nikikunja naye mashuka. Akanigonga bega na kusema, kwa Kiingereza cha Maine kinachomeza kila R, maneno ambayo kichwani mwangu yalijitafsiri hivi: "Twende tukamle Mwitaliano."

Nilimtazama. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, nikadhani kuna neno limenipita. Halikunipita. Ndivyo wanavyouita. Kwingine Marekani mkate wa namna hii ni sub, kwa kuwa umbo lake ni la nyambizi. Philadelphia ni hoagie, na meya wa huko, Ed Rendell, aliutangaza mwaka 1992 kuwa mkate rasmi wa mji. New York ni hero, shujaa. Connecticut na majirani zake wanasema grinder, eti kwa sababu ganda lake linayapa meno kazi ya kusaga. Portland hawakuhangaika na lakabu. Mwitaliano, basi. Utamsikia mtu dukani akisema nipe Waitaliano wawili, mmoja bila kitunguu, na hakuna anayegeuka.

Kiingereza hakioni tatizo: mtu wa Roma na mkate wa Portland ni neno moja. Kiswahili kinakubana uamue kabla hujafumbua mdomo, unamla au unaula? Ukikosea kiambishi umeshakuwa mla watu. Wanangu, waliozaliwa huku na ambao Kiswahili chao kina mashimo kama barabara baada ya masika, walilimaliza jambo hili wenyewe siku moja: "Baba, twende tukale Kiitaliano." Sijawahi kuwasahihisha.

Mkate wenyewe ni wa hapa hapa. Anayetajwa kuuanzisha ni mwokaji mhamiaji, Giovanni Amato, na duka lake la mwaka 1902 lilikuwa India Street, jirani na bandari. Jina la mtaa huo lilinifanya mimi, mtu wa pwani, nitegemee maduka ya vitambaa na harufu ya udi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiwauzia makuli mikate mitupu kwa mkokoteni, nao wakamwomba aipasue, atie nyama, jibini na mboga, wapate mlo wa kuliwa kwa mkono mmoja bila kukaa chini. Mkate ni laini kama skonzi. Ndani yake kuna hemu, jibini la Kimarekani, nyanya, kitunguu, pilipili hoho mbichi, matango ya siki, zeituni nyeusi, halafu mafuta, chumvi na pilipili manga. Hakuna kinachopashwa moto. Mtu wa Tanga akiutazama bila kuambiwa atasema hii ni kachumbari iliyopewa nyumba.

Duka tulilokwenda halikuwa la Amato, ambalo siku hizi lina matawi mengi New England. Lilikuwa duka la mtaa, nusu duka nusu mgahawa: maziwa, sigara, tiketi za bahati nasibu, betri, na kwenye kona kaunta yenye viti vitano vya kuzunguka, kimoja kimevunjika. Bei ziliandikwa kwa mkono kwenye kipande cha boksi. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi mnene, kimya, anayekata nyanya bila kuitazama.

Mwenzangu aliagiza wawili. Nilipofungua wangu nikaona nyama ya rangi ya waridi. Neno ham nilikuwa silijui. Tuliloonywa nyumbani ni pork, na nilikuwa nalisaka hilo tu. Nikamuuliza mwenzangu kama ni samaki. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaguna kama nguruwe pale pale kaunta, nami nikaelewa. Kwetu lingetosha neno moja: kitimoto. Nikaikunja karatasi taratibu, nikausogeza mkate pembeni, nikasema nimeshiba. Ni uongo wa mgeni, na nadhani kila aliyewahi kuwa mgeni ameusema.

Mwenye duka alikuwa ananiona. Alikuja akauchukua bila kuniuliza dini yangu, bila kuniuliza natoka wapi, swali ambalo kwa wiki mbili nilikuwa nimelijibu benki, kwenye ofisi ya vitambulisho, kazini na ndani ya basi. Akautupa wote. Akaosha kisu, akatandika karatasi mpya, akapasua mkate mwingine, ndipo akaniuliza swali lake moja: "Kila kitu?" Akawa anaonyesha kwa kidole, nyanya, kitunguu, hoho, nami naitikia kwa kichwa, kimoja baada ya kingine, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Mahali pa nyama akaweka jibini mara mbili. Halafu akataja bei: dola 3 na nusu, na juu yake senti 50 za jibini la ziada.

Mwenzangu aliona haya kwa niaba yake, mtu mzima kumtoza mgeni senti 50 baada ya kisa chote kile. Mimi nilimpenda kwa zile senti 50. Koti nililovaa lilitoka kanisani, blanketi nililojifunika lilitoka kwa shirika la hisani, sufuria zilitoka kwa mtu nisiyemjua, na Mungu awalipe wote. Lakini kila cha bure kilikuwa kimekuja na fomu, au kwa uchache na tabasamu la kusubiri shukrani. Jibini lile lilikuwa langu. Nililiagiza, nikalilipia, nikalila.

Usiku ule, nikikunja mashuka, nilipiga hesabu. Dola 4 wakati huo zilikuwa zaidi kidogo ya shilingi elfu nne za Tanzania, na kwa shilingi elfu nne mama yangu alikuwa analisha nyumba siku mbili. Hesabu hiyo haikunipa usingizi mzuri. Mzee wangu wa kwenye kundi hajakosea hata senti, na sijakaa kuandika haya ili nimsahihishe hesabu. Ila hata nyumbani, kwa mama ntilie, mtu huulizwa: wali au ugali? Maharage au mchicha? Kuli huulizwa, karani huulizwa, na mwenye kaptula iliyotoboka naye huulizwa. Nilikulia kwenye maswali hayo bila kujua kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa.

Ramadhani mwaka ule ilianza katikati ya Oktoba. Mwanzoni nilikuwa nafuturu kazini, nimesimama, tende mbili na maji ya bomba, mashine zinanguruma. Kisha Jumapili ya tarehe 31 Wamarekani wakarudisha saa nyuma, jambo nililokuwa nimeambiwa nikalichukulia kama hadithi ya sungura na fisi; serikali gani hiyo inayoliamuru jua? Magharibi ikahama kutoka saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na nusu, kabla ya zamu yangu kuanza. Nikafurahi. Jumatatu nikatangulia dukani, ratiba ya msikiti mfukoni, nikanunua mkate wangu wa bila nyama na bilauri ya maji, nikakaa kiti cha mwisho nikivitazama bila kuvigusa. Nje mvua na mawingu. Dirisha lote limebandikwa matangazo ya bia, ndani taa zinawaka mchana kutwa. Saa ya ukutani ikafika dakika yangu. Bismillahi.

Nilikuwa katikati ya mkate alipoingia mteja mmoja, akatupa jicho ukutani, akamwambia mwenye duka: bado hujarudisha saa yako? Ilikuwa saa tisa na nusu mchana.

Nimefungua saa nzima kabla ya jua kuzama! Mtu ataniuliza kwa nini sikutoka nje nikatazama. Jibu ni kwamba nilikuwa sijajifunza bado kuiamini mbingu ya huku. Kila mtu alikuwa ameniambia giza la Maine linakuja ghafla na mapema, nikawa nasadiki chochote kilichoandikwa na kilichotundikwa. Tanga nisingehitaji saa. Ningesikia adhana, ningeona popo.

Nilipomweleza mwenye duka, kwa Kiingereza cha kuchechemea, uso ulimwiva. Alipanda kwenye kreti ya maziwa akaishusha ile saa akairekebisha. Kisha akaifunga nusu ya mkate iliyobaki, akaandika juu ya karatasi kwa kalamu nene 4:32, yaani saa kumi na dakika 32, akaiweka mbele yangu kama muuza dawa anayemwonya mgonjwa. Siku ile niliilipa Desemba, nikichagua moja ya siku fupi kuliko zote za mwaka. Fiqhi haikatazi ujanja mdogo.

Tangu hapo mpaka Idi, nikiingia alikuwa ananiuliza dakika ya leo, na ikifika alikuwa anagonga kaunta kwa kifundo cha kidole, mara mbili, bila kusema neno. Wateja wengine wakaizoea. Nilikuwa nimeandikishwa katika ofisi nyingi za mji ule, zote zina tarehe yangu ya kuzaliwa. Yeye peke yake alikuwa na saa yangu ya kula.

Mwaka 2006 niliaga mashuka nikaanza ukalimani, hospitalini na mahakamani. Kazi hiyo ina siri zake na sitazifungua hapa, lakini kisa hiki kilitokea barabarani, baada ya kazi. Nilikuwa nimefuatana na mzee mmoja wa Barawa, ule mji wa pwani ya Somalia ambao wenyeji wake wanasema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Ukikisikia kwa haraka unadhani unaota: maneno unayajua, lakini yamevaa nguo nyingine. Tulielewana kwa kukisia, kwa Kiarabu kidogo, na kwa adabu nyingi. Shikamoo hakuwa nayo, ila aliipokea kama mtu aliyeisubiri.

Tulipofika mbele ya duka lile lile la mkate aliona bendera ndogo, kijani, nyeupe na nyekundu, imechomekwa mlangoni. Akasimama. Akajinyoosha kofia, akaingia, akamsalimia mwenye duka kwa Kiitaliano. Si neno moja la salamu kama la mtalii. Kiitaliano kirefu, chenye vituo na adabu, cha mtu aliyefundishwa akiwa amevaa soksi. Wasomaji watakumbuka kwamba Italia iliitawala pwani ile mpaka Vita Kuu ya Pili, kisha Umoja wa Mataifa ukairudisha kama mlezi kuanzia mwaka 1950 hadi uhuru wa 1960. Miaka hiyo mzee wangu alikuwa karani kijana Mogadishu.

Mwenye duka alisimama na kisu mkononi. Hakuelewa hata neno. Kiitaliano alichokuwa nacho kilikuwa majina ya vyakula na matusi mawili ya bibi yake. Mtu mweusi mwenye kanzu na koti la kanisani anamsemesha lugha ya babu zake, na yeye, ambaye bendera iko mlangoni kwake, ananitazama mimi nimtafsirie! Nami sijui. Mkalimani nilikuwepo, na mkalimani hakuwepo.

Alipopata akili alichukua simu ya ukutani akampigia mama yake, ajuza wa miaka themanini na kitu, akampa mzee mkono wa simu. Walizungumza kama dakika kumi. Foleni ikasubiri. Mzee alikuwa anacheka, anapaza sauti, anarudia maneno polepole, anacheka tena. Alipomaliza akarudisha simu kwa mikono miwili, akaagiza mkate wa jodari, tukala. Njiani nikamuuliza wamezungumza nini na yule mama. Akafikiri kidogo, akasema kwa masikitiko ya kweli: "Bibi mwema. Lakini Kiitaliano chake kibovu."

Ajuza yule alikuwa anasema lahaja ya kijijini kwao Abruzzo. Mzee wangu alikuwa anasema cha ofisini. Niligundua hilo baadaye, mwenye duka aliponieleza, na kwa mara ya kwanza alizungumza zaidi ya sentensi tatu. Babu yake upande wa baba alikuja Maine kuvunja mawe ya barabara. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, walikuwa na nguvu katika jimbo hili, jimbo ambalo watu weusi walikuwa wachache mno wa kuandamwa. Waliowaandama ni Wakatoliki: Waairishi, Wafaransa waliotoka Quebec, Waitaliano. Waliandamana hata mchana kweupe. Babu akapiga marufuku Kiitaliano nyumbani, watoto wasije wakajulikana kwa ulimi. Upande wa mama ajuza aliendelea kunong'ona chake jikoni. Kisha miaka ya 1960 jiji likapitisha barabara pana ya Franklin katikati ya mitaa ya wahamiaji, nyumba zikavunjwa, majirani wakatawanyika, na waliobaki na lugha wakakosa wa kusema naye. Kilichobaki ni mkate. Kwa hesabu yangu ni karibu miaka themanini: kutoka kukatazwa lugha kwa hofu mpaka kuiuza bendera mlangoni kwa dola 4.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Tukakubaliana Kiswahili nyumbani, bila mjadala. Matokeo mmeshayasikia: "tukale Kiitaliano." Ni haba, lakini bibi yao Tanga akipiga simu wanaongea wenyewe.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu hasa. Majira ya joto ya mwaka 2019 waomba hifadhi zaidi ya 400 walifika Portland ndani ya wiki chache, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliotua Amerika ya Kusini wakapanda kaskazini, nchi baada ya nchi, na msitu wa Darién kwa miguu. Jiji likawalaza kwenye ukumbi wa michezo unaoitwa Expo, vitanda vya kukunja vimepangwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Wakazi walichanga, na walichanga kweli: nguo, fedha, vyakula, wengine vyumba vya nyumba zao. Sina kinyongo hata chembe na ukarimu ule. Nilikuwa pale kila siku baada ya kazi, nikitafsiri kwa wale wachache wa Kiswahili. Wengi walikuwa wa Kilingala, Kifaransa na Kireno.

Mmoja wa wachache hao alikuwa baba wa watoto watatu kutoka Bukavu. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, ingawa tunalingana. Siku moja aliniomba nimtoe nje kidogo, akili ipumue, tukatembea mpaka tukajikuta dukani. Mzee mwenye duka alikuwa bado yuko, nywele zimekwisha. Akamtazama mgeni wangu na kuuliza swali lake: "Kila kitu?"

Nikatafsiri. Mgeni wangu akanyamaza. Nikadhani hajanielewa, maana Kiswahili changu na chake navyo vina mito ya kuvuka. Nikarudia: anauliza ndani unataka awekwe nini. Akatazama vile vyombo vya chuma, nyanya, hoho, zeituni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Bengine banakulaka nini?" Wengine wanakula nini. Nikamwambia wengine waache, wewe. Alianza kuchagua. Nyanya, ndiyo. Kitunguu, ndiyo, ongeza. Hemu, ndiyo, yeye ni Mkatoliki. Zeituni akaomba kuonja, akakunja uso: "Hii iko muchungu." Zikaondolewa. Matango akayajadili peke yake kwa muda. Nyuma yetu kulikuwa na mafundi wa paa watatu wenye haraka, na mmoja akapiga mluzi. Mzee mwenye duka hakuinua kichwa. Tangu Panama mgeni wangu alikuwa amekula kwa foleni, kilichopakuliwa, akasema asante. Kwa sheria, mwombaji hifadhi hapati kibali cha kazi mpaka zipite siku 180 tangu awasilishe ombi lake, kwa hiyo mbele yake kulikuwa na foleni nyingine.

Ilipofika kulipa, dola 7, mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Akanishika kiganja. Akavua kiatu pale pale dukani, akainua soli, akatoa noti ya dola 20 imekunjwa kama hirizi. Nusura nimzuie. Kisha nikazikumbuka senti 50 za jibini, nikautoa mkono mtupu. Mzee akaichukua noti ile yenye unyevu kama noti nyingine yoyote, akahesabu chenji, na jamaa yangu akaitazama chenji yake, akaweka robo dola kwenye kopo la bakshishi. Kisha akaupima mkate kwa macho. "Yaya, hii mukate yote ni ya mutu moja?" Alikula nusu. Nusu nyingine akaipeleka Expo kwa mkewe, aliyenilaumu baadaye kwa zile zeituni alizozikosa.

Neno la pembeni kwa wageni wanaosoma haya, maana hakuna aliyenieleza mimi. Wenye kadi ya serikali ya chakula mjue kwamba haimlipii mtu chakula cha moto kilichokwisha pikwa, lakini mkate baridi wa kubeba inaulipia, kama duka limesajiliwa. Kwa hiyo Mwitaliano baridi unaruhusiwa, na ule wenye mipira ya nyama ya moto hauruhusiwi. Nimemwona mama mmoja akirudishwa kaunta kwa sababu ya joto la mkate. Sheria hiyo ilitungwa na watu ambao, nadhani, hawajawahi kusubiri basi la Portland mwezi wa Februari.

Mwaka 2020 viti viliondolewa kwa sababu ya korona, na havikurudi vyote. Mzee alistaafu, binti wa nduguye ndiye anayeendesha duka sasa, na kipande cha boksi chenye bei kimebadilishwa mara nyingi mno. Dola 11 ni ghali. Nami siku hizi huenda mara moja kwa mwezi, wala sikai tena kama zamani.

Sijamuuliza yule kijana wa kwenye kundi "Leo" yake ilikuwa leo ya nini. Huenda ni mshahara wa kwanza, huenda ni kibali, huenda ni njaa tu. Nawaomba na wenzangu tusimuulize. Huku ameulizwa vya kutosha, na mama yake ni wake, anajua amekula nini.

Na wewe mzee wangu, shikamoo. Ulinipokea nikiwa na begi moja, ukanilaza sebuleni kwako miezi miwili, hukunidai. Jumamosi saa saba mchana nitakuwa pale dukani, na kijana nimemwambia aje. Njoo na wewe. Kila mtu atajilipia.